Jiwe la Kilo la Mama Ratili

Soko lile lilikuwa na wauzaji wa nafaka saba, lakini mume aliyetumwa maharage na mkewe, akaonywa asirudi na pungufu, hakuzungukazunguka. Alikwenda moja kwa moja kibanda cha nne kutoka langoni, kwa Mama Ratili. Wateja ndio waliompa jina hilo, la kipimo cha uzito cha zamani, miaka mingi nyuma, likamkaa kama nguo iliyoshonwa na fundi aliyempima. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mchache wa maneno, mwenye tabia ya kuutazama ulimi wa mizani mpaka utulie kabisa ndipo aseme, "Haya, chukua." Hakubonyeza sahani kwa kidole. Hakumwaga nafaka kwa kishindo ili sahani ishuke upesi. Mteja mwenye pupa aliambiwa aende kwa mwingine, maana mizani haijui habari za haraka.

Mumewe alifariki binti yao wa pekee akiwa na miaka sita. Alimwachia mjane wake kibanda, mizani ya shaba ya sahani mbili, na mawe matano ya kupimia, kuanzia la kilo mbili hadi la gramu mia. Kwa vitu hivyo Mama Ratili alimlea mtoto, akamvisha, akamsomesha, na hakumpigia mtu hodi kuomba chumvi.

Jumamosi mchana alifunga kibanda mapema, akajikung'uta unga, akavaa gauni lake la bluu na kwenda kufundisha watoto katika chumba cha nyuma ya kanisa. Huko hakuwa Mama Ratili, alikuwa Mwalimu. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtoto wa kanisa lile aliyebarikiwa bila kupita mikononi mwake na kuzitoa Amri Kumi kichwani bila kigugumizi. Aliwahesabisha kwa vidole: mbili za kutenda, nane za kuacha. Aliwaambia kwamba Mungu ametukataza mara nane na kutuagiza mara mbili tu kwa sababu anatufahamu vizuri. Watoto walicheka, lakini hawakusahau. Akifika kwenye amri ya kutoiba, hakuwasimulia habari za wezi wa madirishani. Aliwasimulia habari za muuzaji anayetabasamu. Mwizi wa dirishani, alisema, angalau anajua kwamba ni mwizi.

Binti yake alikulia chini ya meza ile ya kibanda. Alijua kuusoma ulimi wa mizani kabla hajajua kusoma herufi. Alipomaliza shule hakutaka ualimu wala uuguzi kama wenzake. Alikwenda chuo akasomea vipimo, na baada ya miaka miwili akapangiwa kazi ya ukaguzi wa mizani katika mji uleule aliozaliwa, ambao ulikuwa umekaa muda mrefu bila mkaguzi. Alirudi na koti la kijivu lenye nembo mfukoni na sanduku la mbao lenye mawe ya mfano ya kulinganishia mengine, kila moja limelala kwenye shimo lake lililotandikwa kitambaa laini, mawe ambayo hayashikwi kwa mkono mtupu ili jasho lisiyaongezee uzito. Mama Ratili alilifungua sanduku lile mezani, akalitazama, akalifunga bila kugusa kitu. Jumapili iliyofuata aliketi benchi la mbele ambalo halikuwa lake. Alijua kuwa kiburi ni dhambi, kwa hiyo aliomba msamaha kwanza, ndipo akaketi.

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja ambalo Mama Ratili hakuwa amemwambia mtu yeyote, na hata yeye mwenyewe hakuwa amejiambia kwa maneno yaliyonyooka.

Jiwe la kilo, kama mengi ya aina yake, lilikuwa la chuma, na chini yake lilikuwa na tundu lililojazwa risasi, ile metali nzito na laini. Hiyo risasi ndiyo watu wa vipimo huipunguza au kuiongeza mpaka uzito ukae sawa, kisha huigonga mhuri. Miaka mitatu iliyopita jiwe lile lilimponyoka Mama Ratili likaangukia sakafu ya saruji, na risasi ikachomoka, ikabingiria chini ya magunia. Aliitafuta, akaipata, akairudisha tunduni kwa kidole gumba. Haikushika. Akaiweka ndani ya kopo, akisema kesho ataipeleka ofisi ya vipimo. Wakati ule ofisi haikuwa na mkaguzi. Kesho ikaenda ikarudi ikiwa kesho vilevile, na siku moja aliposafisha kibanda kopo likatupwa na takataka nyingine.

Mwanzoni alilihisi jiwe kuwa jepesi kila alipoliinua. Baadaye mkono ulizoea. Gunia la maharage likawa linachelewa kidogo kuisha, naye akamshukuru Mungu kwa baraka.

Siku ya ukaguzi ilikuwa Jumanne. Asubuhi mama na binti walikunywa chai pamoja kama kawaida. Binti aliacha nusu kikombe, akasema ana kazi nyingi, akatoka. Tarehe za ukaguzi ni siri ya ofisi, na yeye alikuwa ameapa kuitunza. Mama Ratili hakuona chochote cha ajabu, isipokuwa kwamba mwanawe alimwamkia mara mbili.

Ilipofika saa tatu, mkaguzi aliingia kwa lango kuu akifuatana na karani aliyebeba daftari, kikapu na lile sanduku la mbao. Alianza na kibanda cha kwanza. Mwenyewe aliambiwa asugue kutu. Cha pili hakikuwa na neno. Cha tatu kilikuwa cha Kijembe, muuza vitunguu, mtu mwenye mdomo uliomtangulia kila mahali. Mizani yake ilikutwa na kipande cha sabuni kimebandikwa chini ya sahani. Ikawekewa lebo nyekundu mbele ya watu. Kijembe alishika kiuno, akageukia umati uliokuwa umeanza kukusanyika, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mabucha kwamba sasa wote watazame vizuri, maana mkaguzi atashikwa na kikohozi aruke kibanda cha nne.

"Mkuki kwa nguruwe," akamalizia, "kwa binadamu mchungu."

Mkaguzi hakukohoa. Alisimama mbele ya meza aliyokulia chini yake, akasema shikamoo, akaitikiwa, kisha akasema anaomba kukagua mizani na mawe yote.

Mama Ratili aliyapanga mwenyewe, kwa madaha kidogo, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. La kilo mbili lilikuwa sawa. La nusu, sawa. La robo na la gramu mia, sawa. Mkaguzi akachukua la kilo. Aliliweka sahani ya kushoto, la mfano akaliweka sahani ya kulia kwa koleo lake dogo. Sahani ya kulia ikashuka.

Akaongeza kijiwe kidogo upande wa kushoto, kisha kingine, mpaka ulimi ukasimama katikati. Akahesabu. Akaondoa vyote, akaanza upya. Akarudia mara ya tatu kama sheria inavyotaka, na hiyo ya tatu mikono yake ilikuwa imetulia kuliko ya kwanza. Gramu thelathini na nane. Vijiko vitatu vya mezani vya sukari, katika kila kilo, kwa kila mteja. Aliligeuza jiwe, akaona tundu tupu.

"Risasi imetoka," alisema taratibu. "Ilitoka lini, mama?"

Hata bata wa muuza kuku walikuwa kama wanasikiliza. Mama Ratili aliutazama uso wa mwanawe, akatafuta humo mlango mdogo wa kupitia, hakuuona.

"Sijui," akasema.

Karani akaandika. Mkaguzi akafunga lebo nyekundu kwenye mizani, akaliweka jiwe kikapuni, akamwambia mshtakiwa kwamba ataitwa mahakamani. Mama Ratili aliinama mezani na kumnong'oneza amwonee haya basi, si mbele za watu. Binti naye alijibu kwa kunong'ona, macho yakiwa yameanza kulowa.

"Nikikuruka wewe, mama, sina uso wa kumgusa mwingine yeyote humu."

Kisha akasogea kibanda cha tano.

Jioni ile Mama Ratili alipika kama kawaida, akapakua sahani mbili, akala chake akiwa ameelekea ukutani. Binti alirudi akala bila kukaribishwa. Waliosha vyombo, mmoja akisuuza na mwingine akifuta, kama walivyofanya tangu binti alipokuwa mdogo. Ni mpaka sufuria ya mwisho ndipo mama alipouliza kama ile amri ya tano, ya kuwaheshimu baba na mama, siku hizi inaachwa nyumbani mtu akienda kazini.

Binti alieleza. Alikuwa amemwomba mkuu wake safu ile ya soko apewe mtu mwingine, akaambiwa hakuna mwingine. Alikuwa hajui chochote kuhusu jiwe lile. Usiku wote wa kuamkia Jumanne alikuwa ameomba mizani ya nyumbani kwao iwe salama, na asubuhi alitamani sana kusema neno moja tu, "Mama, angalia mawe yako." Alikuwa amelifikisha mpaka mdomoni, akalimeza na chai.

"Ungelisema, ingekugharimu nini?" mama akauliza.

"Wewe ungebadilisha jiwe," binti akasema, "na mimi ningebadilika. Ulinifundisha amri kumi, mama. Hukunifundisha kwamba ya tano inazila zile nyingine."

Mama Ratili alikausha mikono, akaingia chumbani kwake. Alikasirika kwa siku mbili nzima, hasira ya kweli ya kusaga meno. Alijieleza mambo mengi. Kwamba ni bahati mbaya, jiwe lilianguka lenyewe. Kwamba hakuchonga chuma wala kubandika sabuni kama muuza vitunguu fulani. Kwamba wauzaji wengine wangekuwa na upungufu mkubwa zaidi kama wasingekuwa wajanja wa kuficha. Lakini kila alipomaliza kujitetea, neno moja lilirudi na kukaa mezani mbele yake kama mgeni asiyeaga. Sijui. Jiwe lilianguka lenyewe, ni kweli. Hilo neno hakuna aliyemsukuma alitamke. Alilisema yeye, kwa mdomo uleule wa Jumamosi, mbele ya mwanawe aliyekuwa anaandikisha ushahidi.

Siku ya Alhamisi alikwenda kwa mchungaji, aliyekuwa akipaka rangi madirisha ya ofisi kwa sababu fundi hakutokea. Alimwambia amekuja kukabidhi darasa. Haifai mtu mwenye kesi ya wizi wa vipimo kuwafundisha watoto wa watu, na baadhi ya wazazi wameanza kusema.

Mchungaji alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye sifa ya kuhubiri kwa dakika kumi na mbili tu, jambo lililompatia marafiki wengi. Aliweka brashi ndani ya kopo la mafuta ya taa, akamvutia kiti. Hakumfariji wala kumlaumu. Alimuuliza swali lilelile aliloulizwa sokoni: lile jiwe lilianza lini kuwa jepesi?

Mama Ratili aliitazama rangi mbichi ya dirishani.

"Miaka mitatu," akasema. "Mchungaji, nilijua. Nilijua siku ileile."

Alishangaa kwamba paa halikuanguka. Mchungaji alitikisa kichwa polepole, akamwambia kwamba darasa hatalipokea leo. Jumamosi hii zamu ni ya amri ya ngapi? Mama Ratili akafikiri, akajibu ni ya tisa, ya kutomshuhudia jirani uongo. Mchungaji akasema basi aende akaifundishe, halafu akimaliza, kama bado anataka kukabidhi, yeye atapokea ufunguo wa chumba bila kinyongo. Kuhusu vile vijiko vitatu vya kila kilo, alisema tu kwamba mtu aliyekula cha watu akatubu, kwa kawaida mikono yake ndiyo inayoonyesha, si machozi. Kisha akaichukua brashi yake.

Jumamosi chumba kilijaa kuliko kawaida. Watoto ishirini na tatu walikuwa kwenye mabenchi, na nyuma yao walisimama wazazi kama kumi ambao siku nyingine huwaacha watoto mlangoni wakaenda zao. Wawili walikuwa wateja wake wa tangu zamani. Kijembe naye alikuwepo, ingawa hakuna aliyejua kama ana mtoto katika darasa lile. Mama Ratili alivaa gauni lake la bluu, akasimama wima mbele ya ubao, mikono nyuma. Aliwauliza watoto amri ya tisa inasema nini. Wakaimba jibu kwa pamoja. Akauliza maana yake, na msichana mdogo wa benchi la mbele, mwenye meno mawili yaliyong'oka, akasema ni kusema uongo kuhusu mtu mwingine.

"Vizuri," Mwalimu akasema. "Na mtu akisema uongo kuhusu nafsi yake?"

Msichana akawageukia wenzake.

Ndipo akawaeleza. Aliwaeleza kwa maneno mafupi, kama anavyopima, bila kuongeza wala kupunguza. Jiwe lilianguka. Risasi ikatoka. Alijua. Alisema kesho kwa miaka mitatu. Wiki hii aliulizwa mbele ya watu, akajibu kwamba hajui, na jibu hilo lilikuwa uongo. Aliwaambia pia kwamba aliwahi kuwafundisha, wao na kaka zao na baadhi ya hawa wazazi waliosimama nyuma, kwamba muuzaji anayetabasamu ni mbaya kuliko mwizi wa dirishani kwa sababu hajijui. Yeye alijijua, na hata kutabasamu hakutabasamu, kwa hiyo sasa hajui ajiweke kundi gani. Mtoto mmoja akacheka, akanyamazishwa kwa kiwiko, lakini Mwalimu naye alikuwa karibu kucheka.

"Wa kunikamata alikuwa mmoja tu," akasema, "na alikuwa na kila sababu ya kugeuza uso. Hakugeuza. Kama mnataka kuijua amri ya tisa inafananaje ikivaa koti, mtazameni yule."

Aliponyoosha mkono kuelekea mlangoni, wote waligeuka. Binti yake alikuwa amesimama pale, amekuja kumchukua mama yake kama kila Jumamosi, na hakujua aiweke wapi mikono yake.

Mchungaji hakupokea ufunguo siku hiyo. Mama mmoja kati ya wale wateja wawili alimfuata Mama Ratili uani, akamwambia kwamba ameumia, na kwamba atahitaji muda kabla ya kurudi kununua kwake. Mama Ratili alimwambia ana haki. Waliachana kwa heshima. Yule mwingine alimshika mkono tu, akauacha.

Jumatatu kibanda cha nne kilifunguliwa bila mizani, kwa kuwa ilikuwa bado imefungiwa. Mama Ratili aliazima nyingine ofisi ya vipimo, yenye mhuri mpya, na mlangoni akaweka gunia la maharage na gunia la sukari yaliyo wazi, kila moja na kikombe juu yake. Kila mteja aliyewahi kununua kwake ndani ya miaka mitatu alipimiwa haki yake, kisha akaambiwa achote kikombe kimoja mwenyewe. Wapo waliokuja ambao hawajawahi kununua hata punje. Aliwatambua wote, akawaacha wachote. Alipoulizwa na jirani kwa nini hawafukuzi, alisema mtu aliyekuwa akipunja gizani asiwe mkali sana wa kuhesabu mchana.

Jambo lililofuata hakuna aliyelitegemea. Jumatano asubuhi Kijembe alionekana akivuka barabara na mizani nyingine, ya nyumbani, ameibeba begani, akielekea ofisi ya vipimo bila kuitwa na mtu. Akaulizwa njiani amepatwa na nini. Alijibu kwamba kama mama anapimwa na mwanawe wa kumzaa, yeye asiye na undugu na mtu atanusurikaje, heri ajipeleke. Walicheka, lakini kufikia saa nne muuza mchele alimfuata, kisha muuza samaki, kisha wauza nyama wote wawili. Siku ya Ijumaa foleni ilitoka mlangoni mwa ofisi ikapinda kona, watu wazima wamekumbatia mizani zao kama watoto wanaopelekwa chanjo, wakitaniana nani ana homa kubwa. Mkaguzi alifanya kazi tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja bila kuketi. Mama Ratili alimpelekea chakula katika bakuli lililofungwa kitambaa, akapita pembeni ya foleni nzima kichwa juu, na hakuna aliyemzomea. Muuza samaki alivua kofia.

Kesi ilisikilizwa wiki mbili baadaye, katika chumba cha dari refu chenye mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya watu wengi. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani ya kamba, mchovu, aliyekuwa na kesi kumi na moja za mizani mezani pake kabla ya chakula cha mchana. Shahidi aliitwa. Mkaguzi akapanda kizimbani na koti lake la kijivu, akaweka mkono juu ya Kitabu, akaapa kusema kweli. Akaulizwa kama anamfahamu mshtakiwa.

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni mama yangu."

Hakimu alivua miwani. Alimtazama shahidi, akamtazama mshtakiwa, akaivaa tena. Akauliza kama shahidi anataka kujitoa. Mkaguzi akasema aliomba mapema, hakupatikana wa kumbadili, na kwa kuwa ushahidi ni ule ambao jiwe lenyewe linautoa, anaomba liwekwe mizanini mbele ya mahakama. Likawekwa. Likaonyesha gramu thelathini na nane, kama lilivyoonyesha sokoni. Kisha akasoma maelezo ya siku ile, na alipofika kwenye jibu la mshtakiwa alilisoma bila kulipunguza makali: mshtakiwa aliulizwa ni lini risasi ilitoka, akajibu kwamba hajui.

Hakimu alimgeukia Mama Ratili, akamuuliza kama ana pingamizi na ushahidi huo.

Mama Ratili alisimama. Mabega yalikuwa mahali pake. Alisema hana pingamizi hata na neno moja, ila kuna neno moja analotaka lirekebishwe, nalo si la shahidi, ni lake. Alisema kwamba alijua. Akaitaja miaka yote mitatu, akalitaja kopo, akazitaja zile kesho. Karani wa mahakama aliandika akiwa ameinamisha kichwa, kwa kasi, kama anayeogopa neno lisije likapotea.

"Una lingine la kuongeza?" hakimu akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Naomba iandikwe," Mama Ratili akasema, "kwamba huyu mkaguzi nimemzaa mimi."

Kulikuwa na mnong'ono mabenchini. Hakimu hakuwanyamazisha. Aliandika jambo kwa mkono wake mwenyewe, na ingawa sheria haikumlazimisha, alilisoma kwa sauti ili mshtakiwa asikie kwamba limeandikwa kama alivyosema. Kisha akatoa hukumu: faini ya kosa la kwanza, jiwe liharibiwe, onyo. Kizimbani, mkaguzi alikuwa amesimama wima na kutazama mbele kama alivyofundishwa chuoni, huku machozi yakimchuruzika mpaka kwenye nembo ya koti, na hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika daftari la serikali.

Mama Ratili alilipa alichotakiwa kulipa, akaambiwa yuko huru kwenda zake. Hakwenda. Kibanda kilikuwa kimefungwa, wateja walikuwa wakimsubiri, lakini kulikuwa na kesi nyingine kumi za mwanawe kuzitolea ushahidi. Alirudi akaketi benchi la nyuma, akapanga gauni lake la bluu vizuri juu ya magoti. Kila mkaguzi alipoitwa na kuapa, alisogea mbele kidogo asikose neno. Mwanamke aliyeketi kando yake, mgeni aliyekuja na kesi ya mpaka wa shamba, alimuuliza kama anamngoja mtu.

Mama Ratili alimwambia hapana, amekaa tu kusikiliza. Akamnyooshea kidole yule msichana wa koti la kijivu pale kizimbani, na kabla hajaulizwa zaidi, akaanza kumweleza tangu mwanzo ni wa nani.